Barua za wasomaji: Tumefunga mwamba wenyewe, pweza wakala wengine

Mwezi huu barua karibu zote zilizotufikia ni za bahari, na si ajabu, kaskazi imeingia, watu wako majini na wanachokiona huko ndo wanachotuandikia. Tumechukua tano. Baadhi tumezipunguza kidogo kwa ajili ya nafasi.

*

*Asalaam alaykum mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wanne, mchokoaji pweza, Pemba kusini. Kamati ya uvuvi ya shehia ilitwambia tufunge mwamba miezi mitatu pweza wakue. Tukakubali, tukakaa, na nyumba nyengine hata kitoweo kilikuwa taabu. Siku ya kufungua sie twashuka kwa miguu maji yakitoka, kufika twakuta boti za faiba na vijana wa kuzamia kutoka shehia nyengine wamo tangu alfajiri, wakubwa wote wameshatoka. Mimi nilipata wawili. Sasa wanataka tufunge tena. Nikubali kwa lipi?*

Wa alaykum salaam mama. Nikujibu moja kwa moja: usikubali kufunga tena mpaka mambo ya siku ya kufungua yaandikwe kwanza na kila mtu ayasikie. Lakini pia usikubali mtu akwambie kwamba kufunga mwamba ni uongo, maana si uongo, na hapa naomba uvumilie nieleze kidogo.

Huyu pweza wetu wa mwambani umri wake wote ni kama mwaka mmoja na miezi kidogo. Hana muda wa kuzeeka, anawinda mchana, anakula kaa na chaza kwa fujo, na akiwa bado mdogo anaweza kuongeza uzito wake mara mbili ndani ya mwezi hivi, kwa hiyo ukimwacha miezi mitatu unayemkuta si yule uliyemwacha. Jike anataga mara moja tu maishani mwake. Akitaga anajifungia ndani ya shimo, mayai yananing'inia kwenye dari, yeye yuko chini yake anayapulizia maji yasishike uchafu, hali, hatoki, karibu mwezi mzima, na vitoto vikishatoka na yeye anakufa hapohapo. Vile vitoto vinaelea majini wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Sasa jike akichokolewa wiki moja kabla hajataga, kizazi chake chote kimeishia kwenye ndoo. Sheria ya Tanzania Bara inakataza pweza wa chini ya nusu kilo na ni jambo zuri, ila majike wengi wanakuwa tayari kutaga wakishafika kilo mbili hivi, maana yake pweza wa kilo moja ambaye kwa mizani hana kosa bado hajaacha mtoto hata mmoja baharini. Ndo maana mizani peke yake haitoshi, mwamba wenyewe unahitaji kupumzika.

Mtindo huu wa kufunga kwa muda mfupi ulianza kusini magharibi mwa Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004, na kutoka kule ndo ukaenea mpaka kwetu, Kisiwa Panza hapo Pemba wamefunga, Kizimkazi, Songosongo upande wa Kilwa, na Kenya pia wameuchukua. Kuna utafiti uliochapishwa 2015 uliopitia vipindi 36 vya kufunga huko Madagaska, ukakuta kwamba mwezi wa kwanza baada ya kufungua pweza waliotolewa kwenye miamba ile waliongezeka zaidi ya mara saba ukilinganisha na mwezi wa kabla ya kufunga, na pato la vijiji kutokana na pweza likazidi mara mbili. Hiyo ndo hesabu mnayoambiwa kwenye semina. Ambayo mara nyingi hamuambiwi, na iko kwenye utafiti huohuo, ni kwamba walichofunga kilikuwa kama moja ya tano ya eneo lao la kuvulia. Sehemu nyingine zote zilibaki wazi, watu wakaendelea kuchokoa huko, ndo maana hata wakati wa kufunga kijiji hakikupoteza pato la kusikika.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kwenye mkutano ni hili: mwamba uliofungwa ni upi na nani alikuwa anautumia? Kama mmefunga mwamba ule tu unaofikika kwa miguu, na ule wa kina wanaoufikia wenye boti na miwani umebaki wazi miezi yote mitatu, basi waliofunga ni nyie kina mama peke yenu, wanaume wenye boti hawakufunga kitu.

Swali la pili ni tarehe. Wewe unategemea bamvua, maji yasipotoka sana huna pa kukanyaga, lakini mzamiaji hata maji mafu, yale yanayotoka kidogo tu, anafanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo siku ya kufungua iwe siku ya bamvua kubwa, hilo nadhani walifanya, ila saa nayo isemwe: mwamba unafunguliwa maji yakiwa yameshatoka, wa miguu wanaanza, na hakuna boti wala mzamiaji mpaka maji yarudi. Na ikiwezekana bamvua zima la kwanza liwe la wa miguu. Wavuvi wa shehia nyingine ama wasiingie siku hizo za mwanzo ama waingie kwa kibali na walipe, na hela iende kwa wale waliokesha kulinda usiku, kwa sababu kuna watu walilala kwenye baridi kuulinda mwamba ule na siku ya kufungua wakatoka mikono mitupu kama wewe, na hao ndo watakaokuwa wa kwanza kuiba safari ijayo, siwalaumu.

La tatu ni bei. Siku ya kufungua pweza wanatoka wengi kwa mpigo na wanunuzi wanajua, wanashusha bei palepale ufuoni huku pweza anaharibika. Kamati ikae na wanunuzi wawili watatu wiki mbili kabla, bei ikubaliwe kwa daraja za uzito, barafu iwepo, mizani iwe ya kamati na si ya mnunuzi.

Yote haya yaandikwe kama kanuni ya shehia na yapelekwe kwa maafisa wa uvuvi wayajue, na shehia jirani ziitwe kwenye kikao kabla, si baada. Wakiandika, mama, rudi ufunge nao. Wakikwambia tufunge kwanza hayo mengine tutayaona mbele ya safari, kaa na wenzako mseme hapana, na msione aibu.

Na kitu kimoja kiko mikononi mwako hata kabla ya vikao: ukimkuta jike kajifungia na mayai, mwache. Nyama yake wakati ule ni dhaifu, amekonda, hela yake ndogo, na juu ya kichwa chake kuna mayai kwa mamia ya maelfu.

*

*Mambo mwandishi. Niko Kwale, miaka 24, navuta juya na wenzangu. Juzi nyavu yetu ilichukuliwa ikachomwa ufuoni watu wakipiga picha. Sisi hatuna mitumbwi, hatuna injini, juya ndio kazi pekee ambayo kijana akija na mikono yake tu anavuta kamba na jioni anapata mgao. Kosa letu hasa ni nini? Tungekuwa wezi ningeelewa.*

Poa ndugu yangu, na pole kwa nyavu. Nyie si wezi, na mtu anayewaita hivyo hajawahi kuvuta kamba ya juya kutoka asubuhi mpaka saa nane. Ila juya kama chombo lina shida, na sheria ya Kenya ililikataza tangu 2001, kwa hiyo hii si vita ya jana.

Shida iko hivi. Juya linaburuta chini, linapita juu ya nyasi bahari, na kwenye nyasi ndo wanakokulia watoto wa tafi, wa changu na wengine wengi kabla hawajatoka kwenda mwambani. Jicho la nyavu likiwa dogo hakuna anayetoka. Mkimaliza kuvuta mwageni kwenye mchanga muangalie wenyewe, wale wa urefu wa kidole ni wangapi, na waulizeni wazee wale ni watoto wa samaki gani. Tafi anahitaji kama mwaka mmoja tu kuanza kuzaa, ni samaki wa kusamehe haraka sana, lakini mwaka huo lazima aupate.

Alafu kuna jambo la ukubwa ambalo watu wengi hawalijui, kwamba samaki akizidi urefu mara moja na nusu mayai hayazidi mara moja na nusu, yanazidi mara nyingi mno. Kuna hesabu maarufu ya samaki mwekundu wa Ghuba ya Meksiko, jamii moja na kina kungu wetu: jike mmoja wa sentimita 61 anatoa mayai sawa na majike 212 wa sentimita 42. Majike mia mbili na kumi na mbili, ndugu yangu. Kwa hiyo mwamba uliojaa vidogo unaweza kuonekana una samaki wengi kumbe wazazi hamna.

Na si nadharia tu. Watafiti wamehesabu samaki kwenye madiko, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, ya pwani ya Kenya kwa miaka mingi sana, Tim McClanahan na wenzake ndo wanajulikana zaidi kwa kazi hiyo, na walichokuta ni kwamba sehemu ambazo juya liliondolewa, wa mshipi, wa malema (ile mitego ya kusukwa kwa fito) na wa nyavu za kutega baada ya muda walianza kupata zaidi kwa kila mtu, na samaki wenyewe wakawa wakubwa wa bei. Hata malema wameyafanyia kazi: unaacha mwanya mwembamba wa kusimama pembeni, sentimita chache tu, watoto na wale samaki bapa wasio na soko wanapita wanatoka, anayebaki ni yule unayemtaka. Majaribio yalifanyika huko Mombasa na mapato ya wavuvi hayakushuka, kilichopungua ni vile vidogo vya kutupa. Fundi wa malema anauweka mwanya huo kwa fito zilezile anazosukia, hauhitaji mfadhili.

Sasa upande wenu. Kuchoma nyavu mbele ya kamera kisha kuondoka mimi siungi mkono. Kwenye juya kuna tajiri mwenye nyavu na kuna nyie wavutaji, tajiri ataagiza nyingine, anayelala njaa ni mvutaji. Na hata zile programu za kubadilisha nyavu zina mtego huohuo, nyavu moja haramu inarudishwa, nyavu moja halali inatolewa, inaenda kwa nani? Kwa tajiri, na nyavu ya kutega inataka watu wawili watatu sio kumi na tano. Kwa hiyo nendeni kwa BMU yenu, ile kamati ya usimamizi wa ufuo, kama kikundi cha wavutaji, mjiandikishe nyie wenyewe kwa majina, mdai kwamba ubadilishaji wowote uhesabu watu na sio nyavu. Kanuni za BMU za 2007 ziliwapa wavuvi wa diko uwezo wa kujitungia kanuni zao za eneo, utumieni. Mkitaka kuona watu waliofika mbali kwa njia hiyo nendeni Kuruwitu, Kilifi, walitenga wenyewe kama hekta 30 mwaka 2005 bila kusubiri mtu, wakaitwa wendawazimu na jirani zao, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Huko vijana wako kwenye ulinzi, kwenye kutembeza wageni, na kwenye uvuvi wenyewe nje ya mpaka wa tengefu.

*

*Mimi ni mama karanga, Mombasa. Nanunua vidogo vidogo ufuoni, nakaanga, jioni niko kituoni. Wateja wangu ni watu wa mjengo, wa boda, mtoto katumwa na shilingi ishirini. Sasa diko letu wanataka samaki wadogo wasitolewe kabisa. Wakubwa wanabebwa na matajiri wa hoteli kabla sijafika. Mimi nitakaanga nini?*

Dada yangu, barua yako ndo iliyonikalisha zaidi mwezi huu, kwa sababu umesema kitu ambacho watu wa hifadhi huwa hawapendi kukisikia na hata mimi jibu langu kwa yule kijana wa juya hapo juu linakugusa wewe moja kwa moja. Wavuvi wakiacha vidogo, mvuvi atapata hasara miezi kadhaa kisha atavuna wakubwa. Wewe utapata hasara miezi hiyohiyo, na wakubwa wakija hawaji kwako.

Hili limewahi kupimwa, tena hapo kwenu Nyali. Kazi ilichapishwa 2015, watafiti walikaa na wavuvi na wauzaji wakapiga hesabu ya nini kitatokea uvuvi ukipunguzwa, na ikaonekana bahari inapona, faida ya uvuvi kwa ujumla inapanda, kila kitu kinapendeza isipokuwa kundi moja, kina mama wanaouza vidogo. Kwenye mikutano inasemwa kila mtu atafaidika. Si kila mtu. Na anayejua hilo akanyamaza anakuwa amekuchagulia wewe ulipe bila kukuuliza.

Nini kifanyike? Kwanza kuna mdogo na kuna mtoto. Dagaa na wale samaki wanaoitwa simu ni wadogo kwa maumbile, wanazaa wakiwa vilevile vidogo na wanazaliana haraka, kuwakaanga hakuna dhambi yoyote. Mtoto wa changu ni mtu mwingine. Kwa hiyo katazo lenu lisiseme "samaki wadogo", liseme aina gani na urefu gani, na diko liruhusu nyavu za dagaa za usiku nje ya mwamba ili wewe ubaki na kitu cha kununua.

Pili, wewe ni mwanachama. Kanuni za BMU zinawatambua wafanyabiashara wa samaki, sio wavuvi peke yao, sasa ingieni kwenye mkutano mkuu mkiwa kumi mkadai fungu: kila siku sehemu ya samaki wa diko iuzwe kwanza kwa wauzaji wa hapohapo kwa bei iliyokubaliwa, kabla ya gari la hoteli. Mvuvi wa diko lenu anayekataa hilo muulizeni mke wake anakaanga nini.

Tatu, chama. Kina mama watano wakichanga wananunua pono au changu mmoja mkubwa, wanakata vipande, kipande kidogo cha shilingi ishirini kinapatikana na kina nyama kuliko kale kasamaki ka miiba mitupu. Najua inataka hela ya mkononi na matajiri wanawakopesha wavuvi injini na nyavu ili wafungiwe kuwauzia wao tu, ndo sababu nasema chama na sio mtu mmoja mmoja.

Na hoteli nazo nizitaje, maana kila siku lawama ni kwako. Hoteli nyingi zinapenda samaki wa kuenea sahani moja, mzima na kichwa chake, na huyo kwa chewa au kungu ni mtoto bado. Chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike na wakishakuwa wakubwa ndo wanageuka madume, kwa hiyo ukimaliza saizi moja tu unaweza kuharibu uwiano wa jinsia wa mwamba mzima. Kama diko litapiga rula kwenye beseni lako, lipige na kwenye kasha la barafu la hoteli.

*

*Mwandishi, mimi ni mvuvi wa zamani, Kilwa, nimevua tangu enzi za tanga. Bahari ni ya Mungu na haiwezi kwisha. Samaki wamehama tu, watarudi. Na kama kuna wanaomaliza ni meli za wageni huko nje, sio sisi wenye ngalawa. Mbona mnatusumbua sisi?*

Shikamoo mzee wangu. Una sehemu ya haki na nitaitaja, lakini lile la kwanza naomba nikupinge kwa heshima.

Wapo watu waliosema maneno hayohayo na walikuwa na bahari tajiri kuliko yetu. Ni Newfoundland, Kanada, samaki wao anaitwa kodi, na kwa karibu miaka mia tano Ulaya ilikula kutoka pale. Meli kubwa za trola, zile za kuburuta nyavu, zilipoingia, mwaka 1968 peke yake zilitolewa tani kama 800,000. Mwaka 1977 Kanada ikasukuma mpaka wake maili 200, wageni wakatolewa, wote wakashangilia kwamba adui kaondoka. Kisha wakanunua trola zao wenyewe wakaendelea. Na hapa ndo pa kusikiliza, mzee: miaka ya themanini wavuvi wadogo wa vijijini, watu kama wewe, walikuwa wanalalamika kwamba samaki wa karibu na pwani wanapungua na wanakuwa wadogo. Wataalamu wakaangalia meli kubwa, wakaona zinajaza kama kawaida, wakasema samaki wapo. Kumbe kodi walivyokuwa wanapungua walikuwa wanakusanyika pamoja na meli zinawafuata kwa mitambo, kwa hiyo nyavu zilijaa mpaka karibu na siku ya mwisho. Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie akatangaza kufunga, watu wapatao 30,000 wakakosa kazi kwa mara moja. Ilisemwa ni miaka miwili. Ilifika Juni 2024, miaka 32, ndo uvuvi wa biashara ukaruhusiwa tena, nao kwa kiasi cha tani 18,000 tu na wataalamu wengine wakisema bado ni mapema.

Samaki wale hawakuhama. Ni kula mtaji, mzee, faida ya mwaka ilikuwa haitoshi wakaanza kuchota kwenye shina.

Kwa dunia nzima FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema mwaka 1974 akiba za samaki zilizokuwa zinavuliwa kwa kiasi cha kuweza kujirudishia zilikuwa asilimia 90, mwaka 2021 zimebaki asilimia 62.3. Si mwisho wa bahari, na ziko akiba nyingi zilizopona baada ya kubanwa, lakini mwelekeo wenyewe ndo huo.

Sasa haki yako. Kwanza si kila kupungua ni kwa sababu ya ndoano. Joto la mwaka 1998 lilichoma matumbawe ya Bahari ya Hindi vibaya sana, uliyaona meupe wewe mwenyewe kwa macho, na mwamba uliokufa haulishi samaki. Pili baruti. Ilikatazwa Tanzania tangu 1970 na bado miaka ikaenda na milipuko inasikika, mpaka vyombo mbalimbali vya dola vilipoamua kufanya kazi pamoja kuanzia 2015 ndo ikapungua kweli. Wenye ngalawa wa haki waliumia muda wote huo na hakuna aliyewalipa.

Tatu, meli. Meli za trola za kuvua kamba zilikuwa zinakuja mpaka maji yenu, hizo zilikuwa na ugomvi na nyinyi moja kwa moja, na ndo maana Kenya ilizisimamisha kwenye ghuba ya Ungwana 2006 na Tanzania ikasimamisha za kwake mwaka uliofuata. Lakini meli za jodari huko nje zinachukua jodari, hazichukui tasi wako. Tasi wa mwamba wa Kilwa hajawahi kufika bahari kuu, akiisha kaishia hapohapo Kilwa. Hili linauma kulisema lakini ni kweli, tukimwekea mgeni kila lawama tutapoteza muda wa kutengeneza tunachokiweza sisi.

Kwa jodari wenyewe kelele ni za haki kabisa, tupige. Jodari hana uraia, leo yuko Somalia kesho Shelisheli, hivyo hakuna nchi inayoweza kumsimamia peke yake, kazi hiyo ni ya kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi iliyoanza 1996 na makao yake yako Shelisheli. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, wakawekeana mipango ya kupunguza, wengine wakafuata wengine wakakwepa, na tathmini mpya ya 2024 imeonyesha hali ni nafuu kuliko ilivyodhaniwa. Ila kuna yale maboya yanayoachwa yaelee na mitambo yake, samaki wanakuja kukaa chini yake, meli inazungusha nyavu, na kati ya wanaotoka watoto wa jodari ni wengi mno. Februari 2023 nchi wanachama zilikutana hapo Mombasa zikapiga kura kupitisha masharti ya maboya, ikiwemo siku 72 za kupumzika kila mwaka, alafu nchi kadhaa zikaweka pingamizi na masharti hayakushika. Kwa hiyo ukisikia mama wa Pemba kafunga mwamba miezi mitatu na wakubwa wa dunia wameshindwa siku 72, hasira yako ina pa kukaa.

Na kukamata peke yake hakutoshi. Unaikumbuka ile meli ya kigeni ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 kwa uvuvi haramu, wale "samaki wa Magufuli" waliogawiwa bure? Serikali ilishinda kesi Mahakama Kuu 2012, ikaanguka Mahakama ya Rufaa 2014. Doria bila ushahidi uliopangwa vizuri inaishia hapo.

Ombi langu kwako mzee ni moja. Wewe unajua mwaka gani chewa wa ukubwa gani alikuwa anatoka kwenye mwamba upi, na hakuna ofisi yenye kumbukumbu hiyo. Kaa na kijana mmoja anayejua kuandika, mtajie mwamba kwa mwamba, kisha kamati ya kijiji ikapewe daftari hilo. Newfoundland walikuwa nao wazee kama wewe, hawakuandikwa.

*

*Habari za huko. Niko Muscat, nyumbani asili Unguja. Huku kila mwaka kuna miezi miwili nguru haruhusiwi. Je, ni nguru yuleyule wa kwetu? Na jirani akiniletea kipindi hicho nichukue?*

Habari njema dada. Ndiyo, ni yuleyule, huko wanamwita kanad, na katazo la Oman linaanza tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba kila mwaka ili apate kuzaa. Kinachonipendeza mimi kwenye utaratibu huo ni kwamba haukamati mvuvi peke yake, kuuza na kusafirisha navyo vimefungwa, kwa hiyo na mnunuzi wa mjini naye anabeba kipande chake cha mzigo, tena kulinda soko ni rahisi kuliko kulinda bahari nzima. Kwetu huku katazo karibu lote linaishia ufuoni, kwenye mgongo wa mtu mwenye ngalawa au wa mama mwenye ndoo.

Kuhusu jirani, kama ni mbichi na ni Septemba, mwambie ahsante lakini usichukue, na mweleze kwa nini. Baada ya tarehe 15 Oktoba mkaribishe mle naye wali wa nazi.